Lenzi Iliyobaki Amu

Faza
12 Januari 2025

Mke wangu Saadiya,

Assalaam alaykum. Nimefika salama. Nyumba nimepata, ya vyumba viwili, nyuma ya ofisi, na ina ngazi isiyotikisika sana ya kupandia darini, juu ya paa. Tulikubaliana tuandikiane kwa sababu kwenye simu tunakatizana maneno mpaka salio linaisha hatujaambiana kitu. Basi naanza mimi, na naanza na shida.

Ile lenzi pana iko wapi?

Nimefungua sanduku la darubini kwa hamu ya mtoto, maana giza la hapa, Saadiya, halisimuliki. Hakuna taa ya gati, hakuna taa ya hoteli. Nimetoa bomba, liko zima. Kioo kikubwa hakina hata mkwaruzo. Lenzi ndogo ya kukuzia ipo. Ile pana, ambayo ndiyo tunaanzia nayo siku zote, haipo. Nimetoa nguo zote, nimekung'uta hata viatu.

Unajua kwamba bila ile pana mimi sioni. Hii ndogo inanionyesha kipande cha mbingu kama ukucha. Nebula ya Orion, wingu lote lile, inaniingia vipande vipande. Jana nimeangalia kitu kama ukungu na sikujua kama ni nebula au ni pumzi yangu kwenye lenzi.

Tafadhali tafuta kabatini, tafuta darini kwa baba yako kule tulikokuwa tukikaa. Ukiipata mpe Jaafar wa boti. Yeye huja huku kila maji yakijaa pale kwenye mlango wa bahari wa Mkanda. Mwambie aitie mfukoni mwake mwenyewe, asiitie kikapuni mwa mtu.

Kazi si mbaya. Mchana niko kijijini Kizingitini napima uzito wa kamba mawe waliovuliwa, na wavuvi wananiambia mizani ya serikali ina choyo. Najua uhamisho huu hukuupenda. Mimi pia sikuupenda, lakini serikali ikishasema nenda, mtu atafanya nini? Tuvumilie.

Usisahau lenzi.

Wako,
Husni

*

Amu
18 Januari 2025

Mume wangu Husni,

Waalaykum salaam. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa kuwa ya kwanza nilidhani nimeruka ukurasa. Nilikuwa natafuta pale unapouliza, "Wewe hujambo?"

Sijambo. Duka la dawa liko vilevile. Dada yangu Hayat anafungua asubuhi, mimi nafunga jioni, na watu wanaendelea kuja kutaka dawa ya kikohozi ya rangi nyekundu, maana ile ya kijani, wanasema, haina nguvu. Baba goti linamuuma, hapandi tena darini. Mimi napanda. Nakaa kwenye mkeka wetu na ile darubini ndogo ya macho mawili uliyoniachia, naangalia nyota za Kilimia mpaka mikono inachoka. Taa za gatini zinawaka kama kuna harusi kila siku. Sikatai, ni mbaya. Lakini Orion iko juu kabisa, taa haziifikii, na wingu lake naliona.

Lenzi nimetafuta, sikuiona. Kabati lako nimelifungua, nimepata chaja za simu usizokuwa nazo tena na kofia ya rafiki yako Amini uliyoapa kwamba umemrudishia. Labda uje utafute mwenyewe. Boti ya Ijumaa inakuja na watu wengi, haikosi nafasi ya mtu mmoja.

Mkeo,
Saadiya

*

Faza
28 Januari 2025

Saadiya,

Wewe hujambo? Nimeuliza. Na goti la Baba nimeliombea dua.

Sasa nisikilize. Wiki hii mwezi haupo kabisa. Anga ni kavu, upepo wa kaskazi umefagia kila wingu. Lile Wingu Kubwa la Magellan, ile galaksi ambayo Amu tulikuwa tunabishana kama tunaiona au tunajidanganya, hapa linaonekana kwa macho matupu, limekaa juu ya minazi kama pamba iliyochambuliwa. Na ndani yake iko nebula ya Tarantula, ambayo tumeisoma miaka na hatujaichora hata mara moja. Iko pale pale, Saadiya. Nami nina lenzi ya ukucha!

Nimejaribu kufunga lenzi ya kamera mbovu kwa utepe wa umeme. Nimeona mataa matatu ya rangi ya chungwa ambayo hayapo mbinguni. Nimejaribu kwa miwani ya mpishi wa shule. Majirani wanadhani nina ugonjwa.

Kuja Ijumaa siwezi. Mkubwa wangu hanipi ruhusa, mimi ni mgeni kituoni. Lenzi haiwezi kutoweka yenyewe. Tafuta kwenye ule mfuko wako wa kijani. Tafuta dukani. Kwani ni kazi kubwa?

Mchoro nimeambatisha. Ule ukungu katikati ndio Tarantula, au doa la mafuta ya taa.

Husni

*

Amu
3 Februari 2025

Husni,

Mchoro nimeupokea. Ni doa la mafuta, limenuka mpaka Hayat akauliza nani kapika na jiko la stovu.

Kutafuta si kazi kubwa. Kazi kubwa ni kula peke yangu, na kila anayeingia dukani aniulize, "Bwana atarudi lini?" na mimi nijibu, "Serikali tu ndiyo inayojua." Nimechoka kuisingizia serikali, siijui hata sura yake.

Kwa hivyo nimefikiri. Mkubwa wako yuko hapa hapa Amu, ofisi yake naipita nikienda dukani. Jumatatu ijayo nitavaa buibui langu jipya, nitaingia, nitamsalimu kwa heshima, nitamwambia kwamba mume wangu ana baba mkwe mgonjwa na mke mwenye duka, na kama kuna ndia yoyote ya kumrudisha, atuonee imani. Mtu mzima hawezi kumfukuza mwanamke anayemsihi kwa adabu. Baba pia ameona ni wazo jema.

Usiwe na wasiwasi, sitakuaibisha.

Saadiya

*

Faza
5 Februari 2025

Mpenzi wangu Saadiya, roho yangu,

Naandika haraka, Jaafar anangoja, injini inanguruma.

Usiende ofisini. Nakuomba sana. Mkubwa yule hapendi kabisa wake za watu kuingilia mambo ya kazi. Kuna mtu mkewe alikwenda kumwombea, akapelekwa mbali zaidi. Ukienda utaniharibia. Niachie mimi, nitazungumza naye wakati ukifika.

Lenzi pia usijisumbue nayo. Kweli. Nitavumilia. Wewe kaa, pumzika, kula vizuri. Mwambie Baba asikande goti kwa maji ya moto sana. Nakukumbuka mno. Nitakuletea kamba mawe nikija.

Wako daima,
Husni

*

Amu
20 Februari 2025

Bwana Husni,

Ofisini sikwenda. Uliniomba, nikakutii. Nilistaajabu kidogo, maana tangu tuoane hujaniita roho yangu kwa maandishi, lakini nilisema labda upweke umemlainisha.

Jana alasiri Fairuz aliingia dukani. Unamjua, mke wa Kamaludin mwenzako wa kazi. Alikuwa na mtoto wake mchanga begani na sahani ya halua iliyofunikwa kitambaa. Nikamwambia, "Mashallah, hongera, lakini halua ya nini? Mimi ndiye niliyepaswa kuja kwako na zawadi."

Akaishika mikono yangu yote miwili mbele ya wateja. Akasema, "Mngu amlipe kheri mumeo, Bi Saadiya. Na wewe pia, kwa kumruhusu."

Nikamwuliza, "Kumruhusu nini?"

"Si Faza? Kamaludin ndiye aliyeandikiwa uhamisho. Nami mimba imenilemea, nalikuwa nalia kila siku. Husni mwenyewe akaenda kwa mkubwa, akasema, nipeleke mimi badala yake, mimi naitaka nti ya Faza. Kamaludin hakuamini. Akamwuliza, mkeo je? Akajibu, mke wangu hana neno."

Mke wangu hana neno.

Unajua nilifanya nini, Husni? Nilicheka. Nilimwambia Fairuz, "Ndivyo alivyo, moyo wake mweupe." Nikaipokea halua. Nikambeba mtoto, nikamsomea dua. Nikamwuzia mteja dawa ya minyoo. Halafu nikaingia nyuma kwenye maboksi, nikakaa chini, na Hayat akaja kunitafuta akidhani nimezirai.

Nimeisingizia serikali kwa ajili yako mbele ya baba yangu. Nimewaambia watu wangu wote kwamba mume wangu kaonewa. Kumbe hukuonewa na mtu. Uliomba.

Saadiya

*

Faza
22 Februari 2025

Saadiya,

Salaam. Tafadhali soma hii mpaka mwisho.

Fairuz hakukwambia uongo, lakini hakukwambia yote. Kamaludin alikuwa na hali ngumu. Mke mjamzito, mama yake hajiwezi. Nilimwonea huruma. Je, kumsaidia mwenzako ni dhambi? Ungekuwa wewe ungemwacha?

Nawe pia sema kweli. Uliona nilivyokuwa mwaka jana baada ya zile taa za gatini kuwekwa. Napanda darini, nashuka. Napanda, nashuka. Galaksi tulizokuwa tukiziona zimefutika kana kwamba mtu kazipaka chokaa. Ulisema, "Labda utapata mahali penye giza siku moja." Ulisema mwenyewe! Siku ikaja. Nafasi ya Faza haitokei mara mbili.

Ningekuuliza, ungekataa. Ungesema duka, ungesema Baba. Ningebaki hapo nimekaa na bomba langu kama mtu anayeuza jiko la makaa. Nilidhani ukishazoea utakuja huku mara kwa mara, tutaangalia pamoja, na utafurahi. Nilikuwa nakufikiria wewe pia.

Umekasirika, unayo haki. Lakini usiifanye kubwa kuliko ilivyo.

Husni

*

Amu
26 Februari 2025

Husni,

Nianze na Kamaludin, tummalize. Kama ulikwenda kwa huruma, ungekuja nyumbani na kichwa juu ukaniambia, nami ningekuwa wa kwanza kumpelekea Fairuz uji. Mtu haifichi huruma yake kwa mkewe. Kamaludin alikuwa mlango tu, ukapitia.

Unasema ungeniuliza, ningekataa. Ndiyo. Huenda ningekataa. Ndiyo sababu watu huulizwa.

Sasa na langu. Lenzi ninayo. Ninayo tangu siku uliyoondoka. Ulipokuwa ukifunga sanduku niliitoa nikaitia kwenye mfuko wa kijani, ule ule uliouandika baruani mwako, na nikakuandikia kwamba sikuiona. Nilitaka uje uifuate. Nilidhani mtu atakayekosa lenzi atapanda boti. Nilijipanga na kilo moja ya mchele wa pilau kila Ijumaa, kama mjinga. Hukupanda boti, ulifunga kamera kwa utepe.

Basi na mimi nimekuongopea, sijisafishi. Ila nina hasira nawe na nina hasira na nafsi yangu, na zile za juu yako ndizo nyingi.

Lenzi nimempa Jaafar pamoja na barua hii, imefungwa kwenye soksi yako. Ichukue. Sitaki tena kuwa na kitu kinachokufanya uniandikie. Ramadhani inaingia. Niache nifunge kwa utulivu, usiniletee barua mpaka Idi.

Saadiya

*

Faza
25 Machi 2025

Saadiya,

Najua ulisema mpaka Idi. Nimejizuia karibu mwezi mzima, lakini nina habari njema, na habari njema haifai kulazwa.

Kwanza lenzi. Ilikaa ndani ya soksi muda mrefu, nilikuwa naipita kama mtu anayempita mdai wake. Halafu baada ya tarawehe nikapanda nayo. Sitakudanganya tena, kwa hivyo nasema: niliona. Omega Centauri, lile kundi la nyota, imejaa lenzi nzima. Katikati nyota zimesongamana mpaka zimekuwa mwanga mmoja, pembeni zinaachana moja moja, na kila ukitulia zinazidi kutokea. Nilifurahi. Sikuwaza kitu kingine kwa muda mrefu. Halafu nikashuka, nikala daku ya wali wa jana kwenye sufuria, nimesimama, na nikajua kwamba hivi ndivyo nitakavyokula mpaka nizeeke nikiendelea hivi.

Kwa hivyo nimechukua hatua. Nimempigia mkubwa. Nimemwambia yale makubaliano ya Kamaludin yalikuwa ya muda, na mtoto ameshazaliwa salama. Mambo yamekwisha. Baada ya Idi Kamaludin anakuja Faza kama ilivyoandikwa mwanzo, na mimi narudi Amu, kwako, kwa Baba, kwa taa za gatini na zote. Nimeacha giza kwa ajili yako.

Furahi, basi.

Wako,
Husni

*

Amu
28 Machi 2025

Husni. Husni. Husni.

Fairuz amekuja leo. Hakuja na halua. Alisimama mlangoni mwa duka, hakuingia, mtoto analia, akasema, "Kama mlitaka kurudiana mngetwambia mapema, tusingemtoa mama mkwe kwake tukamleta kwetu. Sasa nimuache na nani?" Barua yako ilikuwa bado iko mfukoni mwa Jaafar. Nilijua habari za mume wangu kutoka kwa mke wa mtu, mara ya pili. Amekwenda zake bila kuniaga. Wateja wote wamesikia.

Niambie, unaandika barua hizi ukiwa umekunywa nini? Ulikwenda bila kuniuliza, nikakwambia kosa ni kutoniuliza, na dawa uliyoona ni kurudi bila kuniuliza? Na bila kumwuliza Kamaludin wala Fairuz, na kile kichanga kisichojua hata jina lake? Umewasukuma kama vikombe mezani. Halafu unaniambia nifurahi.

Hukuacha giza kwa ajili yangu. Sikukuomba uliache. Sijakuomba kitu chochote, kwa sababu hujawahi kuniuliza nataka nini, na mimi, nakiri, nimekaa nikingoja uotee.

Rudisha mambo yalivyokuwa. Nafasi ya Faza uliitaka, kaa nayo, wafanyie kazi watu wa Kizingitini mpaka muda wako uishe. Mwombe Kamaludin radhi kwa mdomo wako. Mimi kuhamia huko, sihamii. Na usinijibu mpaka umekwisha fanya.

Idi njema.

Saadiya

*

Faza
5 Aprili 2025

Saadiya,

Nimefanya.

Mkubwa amenifokea kwenye simu hata wavuvi walionizunguka wakasogea mbali. Amenitukana pia. Amesema ofisi yake si pembea. Amekubali, na amesema mwaka huu asisikie tena jina langu.

Kamaludin hakupokea simu. Kwa hivyo Idi ya pili nilipanda boti nikaja Amu. Nilikwenda kwake, nikabisha hodi. Alifungua, akaniangalia, akafunga. Nikakaa barazani. Mama yake ndiye aliyetoka kunipa maji. Mwishoni Kamaludin akaja akakaa, nikamwambia, "Nimekukosea wewe na mkeo. Hamhami, nimekwisha zungumza." Akasema, "Husni, wewe ukitaka kumsaidia mtu mwingine, mpite." Nilistahili. Fairuz alikuwa ndani, hakuniitikia salamu. Nayo nimeistahili.

Halafu nikarudi na boti ile ile. Kwako sikubisha. Nilipita chini ya dirisha, taa ilikuwa inawaka, nikasikia Baba anacheka na wewe unamwambia kitu. Nilitaka sana kupanda. Lakini hukuniambia nije, na nimeshaingia mahali pengi bila kuambiwa.

Nimeandika mistari mingi hapa chini, nimeifuta. Ilikuwa mipango. Nikusafirishie hiki, tufanye vile, kila mwezi hivi. Nimeifuta yote. Nabaki na swali, na nakuuliza sijui jibu lake:

Saadiya, wewe unataka nini?

Husni

*

Amu
12 Aprili 2025

Mume wangu Husni,

Assalaam alaykum. Ulipita chini ya dirisha langu, Idi ya pili, mimi nina sambusa sahani nzima, na hukubisha! Nimekaa na barua hii siku kadhaa nikishindwa kuamua kama nicheke au nirushe kitu ukutani. Kuulizwa nilikotaka hakumaanishi mtu asimame nje ya nyumba yake kama mgeni wa hoteli. Mlango huu ni wako. Hodi moja tu.

Fairuz nimempelekea sambusa zilizobaki. Ameipokea sahani, hajanikaribisha ndani. Atakuja, nampa muda wake.

Swali lako limenisumbua kuliko nilivyodhani. Nilifikiri nina orodha tayari, kumbe nina malalamiko tu. Nimemwuliza Hayat, "Hivi mimi nataka nini?" Akasema, "Unataka kugombana." Si uongo, lakini si yote.

Nataka kubaki Amu na duka langu. Hilo najua. Nataka uje Ijumaa zile unazoweza, na ukishindwa useme umeshindwa, usimtaje mkubwa. Nataka niendelee kukasirika kidogo bila kuharakishwa, maana bado haijaisha, na wewe una tabia ya kuniangalia usoni kila saa kama mtu anayengoja wali uive.

Na kuna jambo moja jingine ambalo sijawahi kulisema, hata kwangu mwenyewe. Miaka yote tuliyopanda darini, wewe ndiye uliyekuwa ukitafuta. Unainama, unasukuma bomba, unahangaika, halafu unaniita, "Njoo, nimeipata." Nami naja, naangalia, nasema mashallah. Vyote nilivyoviona mbinguni nimeviona baada yako. Sijawahi kukosa kitu huko juu, kwa hivyo sijawahi kukipata.

Nakuja Faza Ijumaa ile ya mwisho wa mwezi, kabla mwezi haujaandama, kwa siku mbili. Hayat amekubali kufunga duka jioni, na Baba nimemwambia ukweli wote. Amekutukana, halafu akasema usisahau kunipokea gatini. Mawingu ya masika yakitufunika, basi, tutalala. Yakifunguka, nataka ile galaksi ya Centaurus yenye mstari mweusi katikati. Nimesoma iko wapi. Nitaitafuta mimi, kwa mikono yangu, hata kama itanichukua mpaka alfajiri, hata kama nitakosa siku zote mbili.

Wewe utakaa kwenye mkeka na themosi ya kahawa, unyamaze. Ukisema "kushoto kidogo," narudi Amu na boti ya asubuhi.

Mkeo,
Saadiya